SOMO LA LISHE: MCHUZI WA NYAMA ZA NDANI NYUMBANI
Namna ya kuuandaa, na namna ya kuugawa mezani



Katika toleo hili tumechagua somo linaloweza kufundishwa jikoni kwa siku moja. Halihitaji mtaalamu kutoka mbali wala vifaa vya kuagiza. Linahitaji sufuria, jiko, kilo moja ya nyama za ndani kutoka buchani na kikundi cha watu walio tayari kujifunza. Tumeliandika ili kamati ya usharika iweze kulisoma kwa sauti kikaoni, kisha ilipeleke kwenye vikundi vya akina mama, vijana na akina baba.

Malengo ya somo ni matatu:

1. Kueleza kwa nini nyama za ndani husaidia kupambana na upungufu wa damu, na mpaka wa msaada huo uko wapi.
2. Kufundisha hatua kwa hatua mapishi ya mchuzi mzito unaotosha watu 8.
3. Kuzungumzia jambo ambalo mara nyingi tunaliacha pembeni, yaani nani nyumbani anapata kipande gani.

TATIZO LENYEWE

Upungufu wa damu ni tatizo la nchi nzima. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulionyesha kuwa nchini Tanzania watoto 58 katika kila 100 wenye umri wa miezi 6 hadi 59 walikuwa na upungufu wa damu. Kwa wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa 45 katika kila 100. Nyuma ya takwimu hizi yuko mama anayefika kujifungua akiwa hana damu ya akiba, na yuko mtoto anayesinzia darasani.

Sisi wa mwambao wa Kilwa na Lindi tunazo sababu zaidi ya moja. Malaria huharibu chembe za damu. Minyoo ya safura hunyonya damu tumboni. Kichocho humfanya mtu apoteze damu kidogo kidogo kwenye mkojo. Wako watoto wenye ugonjwa wa sikoseli. Wako akina mama wanaozaa mfululizo bila kupumzika. Juu ya hayo yote kuna suala la chakula. Ugali wa muhogo hushibisha vizuri, lakini una madini chuma kidogo sana. Nyumba inayokula ugali wa muhogo kwa mboga hafifu asubuhi na jioni hushiba, lakini damu haipati kitu cha kujijenga.

Kwa hiyo mchuzi tunaoufundisha hapa ni sehemu moja tu ya kazi. Chandarua chenye dawa, dawa za minyoo, kuvaa viatu, choo bora, uzazi wa mpango na kliniki vinabaki palepale. Kamati isije ikafundisha mapishi na kuyaacha hayo mengine.

KWA NINI TUZUNGUMZIE NYAMA ZA NDANI SASA

Zamani mwambao wetu haukuwa nchi ya ng'ombe. Mbung'o walienea katika mapori yetu, na mifugo mingi haikustahimili nagana. Watu walitegemea samaki, pweza, dagaa, kuku na mbuzi wachache. Mambo yalibadilika hasa kuanzia mwaka 2006 na 2007, Serikali ilipowaondoa wafugaji katika bonde la Usangu na wengi wao wakaelekezwa katika mkoa wa Lindi, zikiwemo wilaya za Kilwa na Lindi. Ujio huo ulileta pia migogoro ya ardhi kati ya wakulima na wafugaji, na baadhi ya vijiji vyetu vinaifahamu vizuri. Lakini ulileta ng'ombe karibu na sisi. Palipo na ng'ombe pana bucha, na palipo na bucha kuna moyo, figo, bandama, maini, mapafu na utumbo.

Wengi wetu tumejifunza kupika samaki tangu utotoni, ila hatukurithi ujuzi wa kupika figo au bandama. Matokeo yake, utumbo huishia kwa wauza supu, maini hukaangwa kwa ajili ya wageni, na bandama mara nyingi hutupiwa mbwa. Bandama ndiyo yenye madini chuma mengi kuliko kiungo kingine chochote tutakachokitaja hapa.

TOFAUTI YA KIUNGO NA KIUNGO

Watu wengi husema "nyama za ndani zinaongeza damu" kana kwamba zote ni sawa. Tuangalie makadirio ya madini chuma katika gramu 100 za nyama mbichi:

- Bandama (wengu) ya ng'ombe: zaidi ya miligramu 40
- Maini ya kuku: miligramu 9
- Mapafu ya ng'ombe: karibu miligramu 8
- Maini ya mbuzi au kondoo: karibu miligramu 7
- Maini ya ng'ombe: miligramu 5
- Figo ya ng'ombe: miligramu 4 hadi 5
- Moyo wa ng'ombe: miligramu 4
- Nyama ya kawaida ya ng'ombe: miligramu 2 hadi 2.5
- Utumbo wa ng'ombe: chini ya miligramu 1

Orodha hii ina mafunzo mawili. La kwanza, supu ya utumbo ni chakula kizuri cha kujenga mwili, lakini haiongezi damu kama wengi wanavyodhani. Mama aliyeambiwa zahanati kuwa damu yake iko chini asitegemee utumbo. La pili, maini ya kuku wa kienyeji ni kidogo kwa ukubwa lakini yana nguvu. Kijiji kisicho na bucha bado kina njia.

Madini chuma ya kwenye nyama hufyonzwa na mwili kwa urahisi kuliko yale ya kwenye mboga na nafaka. Tena nyama ikiliwa pamoja na kunde au mchicha, husaidia mwili ufyonze pia madini chuma ya hizo kunde na mchicha. Ndimu, ukwaju na embe hufanya kazi hiyohiyo kwa sababu ya vitamini C. Chai na kahawa hufanya kinyume. Mtu akinywa chai ya rangi pamoja na chakula hiki, hupoteza sehemu ya faida aliyoigharimia. Tunashauri chai inywewe angalau saa moja baada ya kula.

TAHADHARI KUHUSU MAINI NA MAMA MJAMZITO

Tunaomba sehemu hii isirukwe na mwezeshaji yeyote.

Maini yana vitamini A nyingi kupita kiasi cha vyakula vingine. Kwa mtoto na kwa mama anayenyonyesha, mahali ambapo upungufu wa vitamini A upo, hilo ni jambo jema. Kwa mama mjamzito, vitamini A ya aina iliyomo kwenye maini ikizidi sana, hasa katika miezi mitatu ya kwanza, inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Shirika la Afya Duniani linashauri mjamzito asizidishe mikrogramu 3,000 za vitamini A ya aina hiyo kwa siku. Gramu 100 za maini mabichi ya ng'ombe zina karibu mikrogramu 5,000.

Kwa hiyo mtu anayehitaji damu kuliko wote ndiye asiyepaswa kupewa sahani ya maini. Ushauri tunaoutoa ni huu:

- Mjamzito katika miezi mitatu ya kwanza aache maini. Ale moyo, figo, bandama, nyama, samaki na dagaa.
- Baada ya hapo, kipande kidogo ndani ya mchuzi mara moja kwa wiki kinatosha. Asilishwe maini kila siku kama dawa.
- Aendelee na vidonge vya madini chuma na foliki asidi anavyopewa kliniki. Mchuzi haubadilishi vidonge.
- Mtoto aliyetimiza miezi 6 na kuanza chakula cha nyongeza anaweza kupewa maini yaliyoiva na kupondwa laini, kijiko kimoja cha chakula, mara moja kwa wiki. Aendelee kunyonya na apelekwe kupata matone ya vitamini A wakati wa kampeni.
- Mwenye ugonjwa wa jongo asile nyama za ndani bila ushauri wa daktari.

Ndiyo maana mapishi yetu yanachanganya viungo kadhaa, na maini ni robo tu ya nyama yote. Robo kilo ya maini ikigawanywa kwa watu 8, kila mmoja hupata karibu gramu 30, yaani takriban nusu ya kiwango cha juu tulichokitaja.

KUNUNUA NYAMA SALAMA

Nunua kwenye bucha inayouza nyama iliyokaguliwa na kupigwa mhuri. Ukaguzi ni muhimu zaidi kwa viungo vya ndani, kwa sababu magonjwa mengi ya mnyama huonekana huko kwanza. Mkaguzi hupasua maini kutafuta minyoo ya ini, na huangalia mapafu kwa ajili ya kifua kikuu na malengelenge ya maji.

Wote tukumbuke mlipuko wa Homa ya Bonde la Ufa uliotokea nchini mwaka 2007. Zaidi ya watu 100 walifariki. Ugonjwa ule humpata mtu kwa kushika damu na viungo vya mnyama mgonjwa, na pia kwa kuumwa na mbu. Mnyama aliyekufa mwenyewe, au aliyechinjwa haraka kwa sababu alikuwa anakufa, asiliwe na asipasuliwe. Mwiteni afisa mifugo. Kimeta nacho huua kwa njia hiyohiyo.

Dalili za kiungo kizuri ni hizi. Maini yawe na rangi moja ya kahawia iliyoiva, yang'ae, yasiwe na mabaka wala vijipu. Figo iwe ngumu kidogo na isinuke mkojo mkali. Moyo uwe mwekundu na ukibonyezwa urudi. Bandama iwe na rangi ya zambarau iliyokolea. Kiungo kinachonata, chenye ukijani au harufu ya uchungu kirudishwe.

Ukikuta malengelenge yenye maji kwenye mapafu au maini, usimpe mbwa. Chimba shimo ufukie au choma. Mbwa akila, hupata minyoo ambayo mayai yake yakimwingia binadamu hukua ndani ya ini au mapafu yake.

Kwa sisi watu wa pwani kuna nyongeza. Ushauri wa kula maini hauhusu maini ya kila kiumbe cha baharini. Samaki aina ya bunju ana sumu kali, hasa kwenye maini na mayai yake, na sumu hiyo haitoki kwa kupikwa. Ini la papa, ambalo wazee wetu hulitoa sifa ya kupaka vyombo vya baharini, lina vitamini A nyingi mno na halifai kuwa kitoweo.

Kiungo cha ndani huharibika mapema kuliko nyama. Kama hakuna jokofu, kinunuliwe asubuhi na kipikwe siku hiyohiyo.

MAHITAJI KWA WATU 8

- Moyo wa ng'ombe, nusu kilo
- Figo, robo kilo
- Maini, robo kilo
- Bandama, robo kilo, kama inapatikana
- Kunde au mbaazi kavu, vikombe 2, zilizolowekwa usiku
- Mchicha, matembele au majani ya maboga, mafungu 2
- Nyanya zilizoiva, 5
- Vitunguu maji, 3
- Vitunguu saumu, punje 6, na tangawizi kipande cha kidole kimoja
- Bizari, kijiko kimoja cha chai, na pilipili manga kidogo
- Ndimu 3, au ukwaju uliokamuliwa nusu kikombe
- Nazi moja, tui zito na tui jepesi
- Mafuta ya kupikia, vijiko 3 vya chakula
- Chumvi yenye madini joto

Kuhusu chumvi: mwambao wetu una mashamba mengi ya chumvi, na chumvi ya hapa nyumbani ni nzuri, mradi tu iwe imewekwa madini joto. Itiwe mwishoni mwa mapishi ili madini joto yasipotee kwa moto.

HATUA ZA KUPIKA

1. Nawa mikono kwa sabuni. Tenga kibao na kisu cha nyama mbichi, kisitumike kwa kachumbari.

2. Chemsha kunde au mbaazi mpaka zilainike. Weka pembeni pamoja na maji yake.

3. Pasua moyo, toa mishipa migumu na damu iliyoganda, osha, kata vipande vidogo. Moyo ni msuli unaofanya kazi usiku na mchana, kwa hiyo ni mgumu. Uanze kuuchemsha peke yake kwa maji, nusu ya tangawizi na nusu ya vitunguu saumu, kwa saa moja hadi saa moja na nusu, sufuria ikiwa imefunikwa.

4. Menya ngozi nyembamba ya figo, ipasue katikati kwa urefu, na ondoa kile kiini cheupe chote. Harufu mbaya ya figo hukaa hapo. Kata vipande, loweka kwenye maji yenye ndimu moja kwa nusu saa, kisha suuza mara mbili.

5. Bandama ioshwe, ichemshwe nzima kwa dakika 45 katika sufuria ya moyo, itolewe, imenywe ngozi, ikatwe vipande vidogo sana au ipondwe. Ikipondwa hufanya mchuzi uwe mzito na mweusi, na hata asiyeipenda huila bila shida.

6. Maini yaoshwe haraka bila kulowekwa muda mrefu. Menya utando wa juu, toa mirija, kata vipande vya unene wa kidole. Yakamulie ndimu moja na yaache.

7. Katika sufuria kubwa kaanga vitunguu maji kwa mafuta mpaka viwe na rangi ya dhahabu. Weka vitunguu saumu na tangawizi iliyobaki, bizari na pilipili manga. Koroga dakika moja, kisha weka nyanya na zipike mpaka zivunjike na mafuta yaelee.

8. Weka figo, koroga dakika 5. Ongeza moyo pamoja na supu yake, bandama, kunde na maji yake, na tui jepesi. Acha itokote taratibu dakika 20.

9. Weka maini. Yapike dakika 8 hadi 10 tu. Kata kipande kimoja uangalie: kusiwe na damu ndani. Yakipita hapo sana huwa magumu kama soli ya kiatu, na ndipo watoto huyakataa.

10. Ongeza mboga za majani na tui zito, koroga ili tui lisikatike, dakika 5. Tia chumvi. Epua, kamulia ndimu ya mwisho.

Mchuzi huu huliwa kwa ugali wa mahindi, mtama au muhogo, kwa wali, au kwa ndizi. Wapishi wanaotumia kuni wachemshe moyo na kunde kwa wakati mmoja kwenye majiko mawili ili kuokoa muda. Wenye jiko sanifu wataona nafuu zaidi.

Bila bandama, sufuria hii huwa na takriban miligramu 45 za madini chuma zitokazo kwenye nyama, yaani kati ya 5 na 6 kwa kila mlaji. Mjamzito anahitaji karibu 27 kwa siku. Robo kilo ya bandama huongeza madini hayo zaidi ya mara mbili. Tumetoa hesabu hii ili kila mtu aone kuwa mchuzi unasaidia sana, na aone pia kwa nini vidonge vya kliniki haviachwi.

PASIPO NA BUCHA

Katika vijiji ambavyo ng'ombe huchinjwa mara chache, tumieni maini, moyo na firigisi za kuku kwa mapishi haya haya. Firigisi ipasuliwe, itolewe ngozi ya njano ya ndani, ichemshwe kwanza dakika 40. Mbuzi anapochinjwa kwa sikukuu, moyo, figo na bandama visiachwe. Siku nyingine zote dagaa wanaoliwa wazima, samaki, kunde na mboga za majani vikikamuliwa ndimu vinaendeleza kazi.

NANI ANAKULA?

Hapa ndipo somo linapokuwa gumu. Mwezeshaji anaweza kufundisha mapishi vizuri, mchuzi ukaiva, na hali ya nyumba isibadilike.

Katika jamii zetu nyingi firigisi ni ya baba. Maini ni ya wageni au ya wanaume barazani. Akina mama na watoto hula mwisho, jikoni, na mara nyingi hupata mchuzi na mfupa. Kula kutoka sinia moja ni desturi njema inayojenga umoja, lakini mtoto wa miaka miwili hana mkono wa kushindana na kaka zake. Anashiba ugali, nyama imekwisha.

Hatuji kubomoa heshima ya baba mwenye nyumba. Tunamwomba aitumie. Baba akisema mbele ya familia, "Kipande hiki apewe mama yenu, na kile apewe mdogo wenu," hakuna atakayebisha, na heshima yake inazidi. Mafunzo yanayowaita akina mama peke yao huwapa ujuzi bila kuwapa uamuzi. Kwa hiyo tunasisitiza kwamba siku ya mapishi akina baba waalikwe, wakae na wale pamoja na wengine, na sehemu hii ya somo isomwe wakiwapo. Bibi na mama mkwe waalikwe pia, kwa maana wao ndio wanaomshauri mjamzito ale nini na aache nini.

Utaratibu tunaoupendekeza ni rahisi: kabla ya sinia kwenda mezani, mama atoe kwanza bakuli la mtoto mdogo na sahani ya mjamzito au anayenyonyesha, zikae pembeni.

MAJIRANI ZETU

Mwambao huu ni wa Waislamu na Wakristo, na miradi ya dayosisi ni ya watu wote. Siku ya mapishi nunueni nyama iliyochinjwa kwa utaratibu ambao jirani yeyote anaweza kuila, na msichanganye sufuria na vyombo vilivyopikiwa nguruwe. Wako wanaouliza kama maini na bandama vinahesabiwa kuwa damu. Katika mafundisho ya Kiislamu vyote viwili ni halali mnyama akiwa amechinjwa inavyopasa. Jirani mwenye shaka na amwulize shehe wake, na Mkristo mwenye shaka amwulize mchungaji wake, kuliko kukaa kimya na kususa chakula.

DALILI ZA KWENDA HOSPITALI

Mchuzi haumtibu mtu ambaye damu yake imeshuka sana. Mtoto au mama mwenye viganja vyeupe, weupe ndani ya kope, kupumua haraka, moyo kwenda mbio au kuishiwa nguvu hata kwa kazi ndogo, apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Wajumbe wa kamati wazikariri dalili hizi na wawe na mpango wa usafiri, hasa mitaa iliyo mbali na barabara kuu.

KWA KAMATI NA KWA WAFADHILI

Gharama ya siku moja ya mapishi ni nyama, viungo, mkaa na sufuria ya kuazima. Maini yanaweza kuuzwa kwa bei ya nyama au kuzidi, lakini moyo, mapafu na bandama kwa kawaida ni nafuu. Ulizeni bei kwenye bucha yenu kabla ya kuandika bajeti. Tunawaomba marafiki zetu wafadhili waelewe kuwa kazi ya namna hii haina jengo la kuzindua wala bango la kupiga picha. Matokeo yake yanaonekana kwenye kadi za kliniki na kwenye sahani za watoto.

Kwa sababu hiyo tunapendekeza taarifa za robo mwaka zisiishie kwenye idadi ya waliohudhuria. Mjumbe atembelee nyumba baada ya wiki nne na aulize mambo manne: Je, mmepika tena? Nani alikula kipande gani? Mjamzito anameza vidonge? Mtoto amepata dawa ya minyoo na matone ya vitamini A? Majibu ya nyumba kumi yaliyoandikwa kwa uaminifu yanatufaa kuliko orodha ya majina mia moja.

MASWALI YA KUJADILI KIKAONI

1. Katika mtaa wetu, nyama za ndani zinapatikana wapi, siku gani na kwa bei gani? Nani hukagua?
2. Bandama inakwenda wapi baada ya ng'ombe kuchinjwa? Tunaweza kukubaliana na mwenye bucha atuwekee?
3. Ni miiko gani ya chakula kwa wajawazito tunayoifahamu hapa? Upi una maana na upi unamnyima mama chakula?
4. Akina baba wa kamati hii wako tayari kuwa mfano katika ugawaji mezani?
5. Nani atafuatilia nyumba baada ya mafunzo, na lini ataleta taarifa?

Tunawaomba kila usharika upange siku moja ya mapishi kabla ya toleo lijalo na kutuandikia mliyoyaona, pamoja na yale yaliyoshindikana. Tutayatumia kuboresha somo hili kwa sharika nyingine. Mungu aibariki kazi ya mikono yenu na chakula cha nyumba zenu.